Tairi lenye kashata nzuri limepasukaje? Naomba kueleweshwa

MamaPacha

Wakuu, habari za leo. Mimi huwa msomaji tu humu, leo nimelazimika kufungua uzi.

Jumamosi iliyopita tulikuwa barabara kuu tunarudi nyumbani. Mimi naendesha, mume wangu pembeni, mama mkwe kiti cha nyuma katikati ya pacha wangu wa miaka tisa. Buti limejaa mpaka kioo cha nyuma hakionyeshi kitu. Saa nane mchana, jua kali. Spidi ilikuwa mia moja, labda mia na kidogo (mama mkwe asipite humu).

Kwa kama dakika kumi nilihisi gari linatetemeka. Si sana. Ni kama umekalia kitanda na mtu anashona cherehani chumba cha pili. Nikamwambia mume wangu, akasema ni lami. Nikapunguza redio, nikasikiliza, nikajiambia kweli labda ni lami. Halafu nikasikia pa-pa-pa-pa, kama mtu anaichapa bodi kwa mkanda, kisha PUU! Mkia wa gari ukaenda wenyewe. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote, maana ndicho kitu pekee mguu ulichokumbuka. Gari likavuka upande wa pili, likarudi, likasimama kimshazari nusu kwenye majani. Hapakuwa na gari lililokuwa linakuja. Hapo sina la kuongeza, usiku bado naota.

Lililopasuka ni la nyuma kulia. Ubavu umechanika, na ganda lote la juu, lile lenye kashata (vitalu vya mpira vinavyogusa lami), limebanduka zima kama ngozi ya nyoka na kujiviringisha kwenye ekseli. Nyaya nyembamba zimetokeza kila mahali, zimemchana mume wangu kiganja.

Sasa kinachonisumbua ni hiki: tairi halikuwa kipara. Mwezi uliopita nilichomeka njiti ya kiberiti kwenye mtaro wake, kichwa chote kikazama. Upepo nakagua, kila nikiweka mafuta nalipiga teke, linadunda vizuri. Aliyetusaidia kubadilisha alisema ni joto tu, bahati mbaya. Fundi wa gereji naye akasema joto. Gari nililinunua likiwa limeshatumika, miaka mitatu iliyopita, na sijabadilisha tairi hata moja.

Je, ni joto kweli? Na haya matatu yaliyobaki, ambayo kwa macho ni mazuri, niyaamini? Natanguliza shukrani.

FundiMstaafu

Pole sana dada, na ashukuriwe Mungu mmetoka wote. Nimevua na kuvalisha matairi miaka kumi na tisa kabla mgongo haujaniachisha kazi, kwa hiyo nitaandika kwa urefu. Mwenye haraka apite.

Joto ndilo lililolipasua, hapo hawakukudanganya. Ila walilitafuta angani. Joto linaloua tairi huzaliwa ndani ya tairi lenyewe.

Gari dogo kama lako, tuseme linavaa 195/65 R15, tairi lake likizunguka mara moja limekwenda karibu mita 2. Kwa spidi ya 100 linazunguka kama mara 14 kwa sekunde moja. Kila mzunguko, sehemu inayogusa lami inabonyea na ubavu wake unapinda, ikinyanyuka unanyooka. Upepo ukitosha, kupinda huko ni kidogo na tairi linavumilia miaka. Upepo ukipungua na buti likajaa, linapinda sana, mara 14 kwa sekunde, saa mbili mfululizo. Chukua kipande cha waya, kipinde na kukinyoosha haraka haraka, kisha gusa pale kinapopinda. Utaondoa kidole.

Na mpira hautoi joto upesi. Linajikusanya mle mle, hasa begani, pale mikanda ya nyaya inapoishia chini ya kashata. Mpira ulioshika nyaya unaanza kuachia. Ukiachia hata upana wa kidole, pale pananyanyuka, tairi si duara tena, gari linaanza kutetemeka. Hiyo ndiyo cherehani yako. Nabahatisha: uliisikia kwenye kiti, si kwenye usukani. Mtetemo wa tairi la mbele huja mikononi, wa nyuma huja makalioni. Zile dakika kumi tairi lilikuwa linaaga. Nasema bila kukulaumu, wengi huongeza sauti ya redio, wewe angalau uliipunguza.

Mambo ya teke yaache kwa wacheza mpira. Siku moja niliwapangia wanagenzi wangu magurudumu mawili, moja lina psi 18 (psi ni kipimo cha upepo), jingine 32, nikawaambia wachague kwa teke na kwa macho lipi la kujazwa. Walibishana mpaka chakula cha mchana kikapoa. Bila geji ya kupimia upepo hakuna anayejua.

Njiti nayo imekujibu swali moja tu. Kashata inakuambia tairi limetembea kiasi gani, haikuambii limezaliwa lini. Nenda ukasome. Ubavuni tafuta herufi DOT, fuata mstari huo hadi mwisho utakuta tarakimu nne zimezungushiwa fremu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 3518 ni wiki ya 35 ya mwaka 2018. Ukikuta tatu tu, hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, wafungie watoto bembea. Usipoziona upande wa nje, ziko upande wa ndani, itabidi ulale chini.

Kisha fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo au nyuma ya kifuniko cha tangi la mafuta. Kuna stika ya upepo. Azima geji, pima asubuhi gari likiwa halijasogea, usisahau la akiba. Uje na namba zote. Na lile lililopasuka usilitupe.

Mzoefu20

Mnamtisha bure dada wa watu. Dawa ni rahisi: ukiwa na safari ndefu na jua kali, toa psi 4 au 5 kila tairi ili upepo ukipanuka upate nafasi. Miaka ishirini nafanya hivyo, sijapasukiwa.

FundiMstaafu

Mkuu, miaka ishirini yako naiheshimu, ila hapo nakukatalia moja kwa moja, maana kuna mtu atasoma hivi na kwenda kutoa upepo.

Namba ya kwenye stika ni ya tairi lililopoa, na walioiandika walishahesabu kwamba njiani itapanda. Tairi la psi 33 asubuhi likisoma 37 au 38 baada ya safari liko sawa kabisa, kazi yake ndiyo hiyo. Ukitoa 5 kabla hujaondoka, umeongeza kupinda, kupinda kunaongeza joto, na joto ndilo ulilokuwa unalikimbia. Kibaya zaidi ni wale wanaosimama katikati ya safari, wanapima likiwa la moto, wanashtuka, wanatoa. Kesho yake asubuhi wanatembelea psi 27 na hawajui.

Hata ile namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi watu huidhani ndiyo ya kujaza. Ile ni kikomo cha tairi, haijui limefungwa kwenye gari gani. Ukijaza hadi pale, gari litakuwa linaruka kwenye kila tuta na kashata ya katikati itaisha wakati za pembeni bado mpya. Stika ya gari ndiyo ya kufuata.

MsomajiWaPembeni

Naongezea alipoishia fundi. Hili la upepo mdogo na joto lina historia yake. Mwaka 2000 huko Marekani, kampuni ya matairi ya Firestone iliita matairi milioni 6.5 yarudishwe, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer. Yalikuwa yanafanya hivyohivyo: ganda la kashata linabanduka spidi ikiwa kubwa, gari linapinduka. Mamlaka ya usalama barabarani ya kule ilihusisha matairi hayo na vifo 271. Firestone na Ford wakatupiana mpira: Firestone anasema mlishauri psi 26, ni ndogo, na gari lenyewe linapinduka kirahisi, Ford anasema tatizo ni tairi lenu.

Mwaka huohuo bunge lao likapitisha sheria, na matokeo yake ndiyo ile taa ya njano kwenye dashibodi, umbo la kiatu cha farasi chenye alama ya mshangao katikati. Tangu Septemba 2007 kila gari dogo jipya kule lazima liwe nayo. Lakini msiitegemee kama geji: sheria inataka iwake upepo ukipungua kwa robo. Kama stika inasema 33, itawaka ukifika kama 25. Kati ya 33 na 25 iko kimya.

MamaPacha

Nimerudi. Asubuhi hii nimelala chini ya gari na tochi mdomoni, majirani wakidhani nimegongwa.

Stika: 33 mbele na nyuma. Kuna mstari wa pili wenye picha ya watu watano na mizigo, nyuma inasema 38. Miaka mitatu nafungua mlango huo, leo ndiyo mara ya kwanza kuuona.

Upepo: mbele kushoto 27, mbele kulia 26, nyuma kushoto 19. Nimepima mara tatu nikidhani geji ya jirani ni mbovu. La akiba, ambalo sasa liko nyuma kulia, 14. Yaani tumetembelea hilo kutoka porini hadi nyumbani.

Namba: ya mbele yote mawili 4019. Nyuma kushoto 2213, na lililopasuka pia 2213. La akiba 0611.

Gari halina hiyo taa ya njano. Au ilikuwa nayo ikaungua, sijui.

Na ndiyo, mtetemo ulikuwa kwenye kiti.

FundiMstaafu

Basi umeshajijibu dada. Tukikisia lililopasuka lilikuwa na upepo sawa na mwenzake, 19 pahali pa 38 ni nusu kamili. Nusu ya upepo, mizigo yote, spidi 100, tairi la mwaka 2013. Usimtafute mchawi.

Upepo huo haukuibwa. Tairi zima lisilo na pancha hupoteza karibu psi 1 kwa mwezi, unapenya kwenye mpira wenyewe polepole. Kama uliponunua gari walijaza 33, na tangu hapo ni teke tu, hata hiyo 19 ni bahati.

La umri. Watengenezaji wengi wanasema tairi likipita miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, likifika 10 livuliwe hata kama kashata ni kama jana. Mpira unakauka. Ndani yake kuna mafuta na dawa za kuukinga na hewa, na dawa hizo hutoka juu tairi likiwa linatembea na kupinda. Ndiyo maana gari linalokaa tu chini ya mti matairi yake hupasuka nyufa upesi, na ndiyo maana la akiba halizeeki polepole eti kwa kuwa halijatumika. La 0611 lisiguse tena barabara.

Waingereza walijifunza kwa basi lililopata ajali Surrey mwaka 2012, watu watatu wakafa. Tairi la mbele lilikuwa na miaka 19, na kashata yake ilikuwa bado inakubalika kisheria. Tangu Februari 2021 wamepiga marufuku tairi la zaidi ya miaka 10 kwenye magurudumu ya mbele ya malori na mabasi. Kwa gari dogo sheria hiyo haigusi, ila tairi halijui limefungwa kwenye basi au kwenye gari la mama.

Ushauri wangu: nyuma mawili mapya, la akiba jipya. Ya 4019 yavuliwe yatazamwe kwa ndani kabla ya kuamua. Mwambie fundi apitishe kiganja kwenye ubavu wa ndani. Tairi lililotembea bila upepo wa kutosha huacha ushahidi: mstari mweusi unaozunguka, mpira umekwaruzika, na unga mweusi kama masizi chini ya rimu. Ukikuta unga huo, tairi limekwisha hata kama nje linang'aa. Kwa anayenunua matairi yaliyotumika ndicho cha kutazama kwanza, na ndicho muuzaji hataki uone, ndiyo maana anakuuzia yakiwa yameshapakwa rangi nyeusi.

DerevaSemi

Wakuu salaam. Mie natembeza semi, tairi kumi na nane, basi nina mengi ya kulia ila nitasema mawili.

Dada, breki uliyokanyaga ndiyo iliyokupeleka upande wa pili. Si kosa lako, mguu wa kila mtu unafanya hivyo. Tairi ikipasuka, shika usukani mikono miwili kama unamshika mwizi, uelekeze mbele, mguu wa mafuta uachie taratibu, breki isahau mpaka gari limepungua lenyewe. Kona ya haraka hapana. Ukishatulia kwa spidi ndogo ndio unaingia pembeni. Ya mbele ikipasuka usukani unavuta kwa nguvu upande huo, ya nyuma ikipasuka mkia unataka kukupita. Kwa zote mbili dawa ni hiyohiyo. Na ukishasimama, watu watoke wakae mbali na lami, nyuma ya kingo kama ipo. Nimeona mtu amenusurika tairi akagongwa akiwa amechuchumaa kwenye jeki.

La pili, mkono. Kila nikisimama, hata kwenda haja, nazunguka gari na kuweka kiganja karibu na kila tairi. Zote zinapaswa kuwa vuguvugu sawa. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, ina upepo mdogo au breki imeng'ang'ania au beringi inakufa. Kwenye gari dogo inafanya kazi vilevile, ni dakika moja. Sisi wenye tairi pacha za nyuma tuna mtihani zaidi: ya ndani inaweza kuisha upepo kabisa na ya nje ikabeba mzigo wote, ukitazama nyuma unaona ziko sawa. Nilibeba mzigo hivyo usiku mmoja wa mvua. Ya nje ikapasuka kwa uchovu, ya ndani ikawaka moto. Nilimaliza mtungi wa kuzimia moto na maji yangu yote ya kunywa. Tangu siku hiyo sipigi tairi na nondo kusikiliza mlio, napima na geji, zote kumi na nane. Wenzangu wananicheka, nami nawasubiri.

KijanaWaBoneti

Naomba kudandia uzi. Nina hela ya mawili tu. Gari langu linavutwa na magurudumu ya mbele. Nimeambiwa mapya yakae mbele kwa sababu ndiyo yanayovuta, yanapinda na kubeba injini. Sawa?

FundiMstaafu

Nyuma, kijana. Nimegombana na wateja juu ya hili kuliko jambo jingine lolote.

Tairi lenye kashata fupi halisukumi maji vizuri. Kwenye mvua linapanda juu ya maji na kuacha kugusa lami. Yakitokea mbele, usukani unakuwa mwepesi ghafla, gari linaenda moja kwa moja badala ya kukata kona. Unaachia mafuta, uzito unakuja mbele, yanashika tena. Unatokwa jasho, basi. Yakitokea nyuma, mkia unakupita, gari linazunguka, na asiye dereva wa mashindano halirudishi. Kwa hiyo yenye kashata nzuri yakae nyuma, hata kama gari linavutwa na ya mbele. Ila kama ya mbele yamefika kwenye vile vinundu vidogo vilivyo chini ya mtaro, vyenye alama TWI ubavuni, hapo umebaki na milimita 1.6, hayo ni ya kutupwa na si ya kupangiwa mahali. Mvua ikiwa nyingi mimi hata sisubiri 1.6, nikifika 3 naanza kudunduliza.

Na kabla hujavalisha mapya, tazama ya zamani yameliwa wapi. Mabega yote mawili yameliwa: upepo ulikuwa mdogo. Katikati: ulizidi. Upande mmoja tu: alaimenti (magurudumu hayajanyooka sawasawa), nenda karekebishe au utayala haya mapya vilevile. Yameliwa kwa mabonde mabonde: shokabso.

Mzoefu20

Fundi, sitoi tena upepo, nimekubali. Ila nina swali. La kwangu la mbele lilipata msumari, wakaliziba kwa ule mkia wa mpira wa kuchomeka kutoka nje, halijavuliwa. Miezi minne sasa halipungui. Niliache?

FundiMstaafu

Karibu upande huu mkuu. Tundu liko wapi? Kama ni katikati kwenye kashata, mkia umekufikisha nyumbani, ulifanya kazi yake. Sasa lilipaswa kuvuliwa, litazamwe ndani, kisha libandikwe kiraka cha ndani chenye shina linalojaza tundu. Mkia peke yake hauzuii maji kupenya hadi kwenye nyaya, na nyaya zikipata kutu zinaachia mpira, ukarudi kwenye hadithi ya dada MamaPacha. Na kama ulitembea hata kidogo likiwa bapa, ule unga mweusi unaweza kuwa mle ndani. Kama tundu liko begani au ubavuni, hakuna kiraka, atakayekuambia kipo anataka hela yako.

Nundu ubavuni, ile inayotoka baada ya kugonga shimo au kingo, ni hivyohivyo. Nyuzi za ndani zimekatika, umebakiwa na mpira mtupu umeshika upepo. Halitibiki.

MamaPacha

Mrejesho kama nilivyoahidi. Nyuma mapya, la akiba jipya. Nimeyasoma tarakimu kabla hayajavalishwa. Kijana akaniuliza, "Mama unatafuta nini?" Nikamwambia natafuta siku ya kuzaliwa. Seti ya kwanza aliyoleta ilikuwa na miaka minne dukani, nikairudisha, akaleta nyingine bila kubisha.

Nilimwomba alivue lile la 2213 la kushoto mbele yangu, lile ambalo "halikuwa na tatizo". Aliinamisha, ukamwagika unga mweusi, kiasi cha kujaza kiganja. Mume wangu aliutazama muda mrefu hakusema kitu. Yeye ndiye aliyesema ni lami. Ya mbele yalivuliwa yakatazamwa, ndani ni safi, nimeyabakiza.

Nimenunua geji yangu. Pacha wameigombania mpaka nikagawa kazi: mmoja anapima, mwingine anaandika kwenye daftari, wakibadilishana kila Jumapili asubuhi. Wiki ya kwanza yote 33. Leo yote 33 isipokuwa mbele kulia, 29. Aliyepima anaapa amepima vizuri, nami nimerudia, ni 29. Hakuna msumari ninaouona.

FundiMstaafu

Psi 4 kwa wiki moja si kupenya kwa kawaida. Jaza hadi 33, chukua maji ya sabuni, pakaa kwanza kwenye valvu, kwenye tundu lake na pale shina linapoingia kwenye rimu. Kisha zungusha kwenye ukingo wa rimu, mwisho kashata yote. Subiri dakika moja. Utuambie.

MamaPacha

Povu. Kwenye shina la valvu, nikilisukuma pembeni kwa kidole linatoa mapovu madogo madogo, nikiliachia linaacha. Pacha wanataka kurudia mara ya tatu.

FundiMstaafu

Waache warudie, kisha kabadilishe valvu, mpira wake umekauka. Ya kushoto pia, ni umri uleule. Na walipoyavua hayo mawili kuyatazama ndani ndipo walipotakiwa kubadilisha, ni kazi ya dakika tano tairi likiwa limeshatoka. Leo nenda polepole, usipande barabara kuu.

MamaPacha

Naondoka sasa hivi. Mume wangu ndiye anayeendesha, mimi nimeshika geji.